Elektroni Zikinyamaza

Kazini walimwita Bi Bado, na jina hilo alilipata kwa haki. Alikuwa mtaalamu wa hali ya anga za juu katika kituo cha kuongoza setilaiti, jengo la ghorofa moja lenye dishi kubwa uani na mashine ya kahawa iliyokufa wiki ileile iliponunuliwa. Kazi yake ilikuwa kuwaambia wahandisi kama ni salama kuigusa setilaiti yao, na karibu kila walipomuuliza alijibu, "Bado."

Hakuwa mwoga. Tatizo ni kwamba vitu alivyovichunga vina tabia mbaya. Mbali huko juu, dunia imezungukwa na mkanda wa elektroni zinazokwenda kasi ya kutisha, zimeshikiliwa na nguvu ya sumaku ya dunia yenyewe. Jua likifoka na kuitikisa sumaku hiyo, mtu mwenye akili zake angetarajia elektroni zichachamae palepale. Wapi! Mara nyingi dhoruba inapopamba moto ndipo hesabu yao inapoporomoka. Nyingine zinatorokea anga za mbali, nyingine zinamwagikia kwenye hewa ya juu, na skrini inaonyesha kana kwamba mkanda umefagiliwa. Kisha dhoruba inatulia, watu wanashusha pumzi, na hapo ndipo elektroni zinapoanza kupata kasi upya, kimya kimya, siku baada ya siku, mpaka pengine zinazidi zilivyokuwa mwanzo. Zinapenya ukuta wa setilaiti, zinajibanza kwenye plastiki ya nyaya na kulimbikizana humo, halafu cheche moja inaruka na setilaiti inakuwa bubu. Si kila dhoruba inaishia hivyo; nyingine huacha elektroni chache kuliko ilizozikuta. Lakini kujua mapema ni vigumu, na kwa sababu ya ugumu huo Bi Bado alikuwa na ajira.

Mama yake aliyajua haya yote kwa moyo. Bi mkubwa huyo alikuwa fundi cherehani mstaafu, kama kustaafu ni kushona kila siku bila kulipwa, na waliishi wawili tu. Kila jioni mezani binti alihadithia elektroni zake. "Mkanda wa nini, wa suruali?" mama aliuliza mara ya kwanza, lakini alisikiliza, na tangu hapo hakuacha kusikiliza.

Mdogo wake Bi Bado wa kiume, mwenye nyumba kubwa na watoto wengi, alikuwa hachoki kumbembeleza mama ahamie kwake. Jibu lilikuwa lilelile: "Nakaa na binti yangu. Nikiondoka atasahau hata kula." Na ni kweli angesahau. Bi Bado aliogopa kitu kimoja tu duniani, nacho hakikuwa setilaiti. Aliogopa kufungua mlango jioni akute nyumba haina mama.

Sasa mtu anayeogopa hivyo ungedhani angekuwa na adabu na cherehani. Lakini Jumapili moja, mama akiwa amemtembelea jirani, Bi Bado aliamua kwamba anahitaji meza ya kazi nyumbani. Penye mwanga mzuri palikuwa mahali pamoja tu, dirishani sebuleni, na hapo palikuwa na cherehani. Akaita wapagazi wawili, wakaisukumia stoo, nyuma ya ndoo na feni mbovu.

"Cherehani yangu iko wapi?" mama aliuliza kabla hajavua viatu.

"Iko stoo, mama. Nimeipumzisha tu."

"Imekuambia imechoka?"

Basi hapo pakawaka. Mama alipaza sauti mpaka jirani akafunga dirisha lake kwa heshima, kisha akalifungua tena asikie vizuri. Alisema amewasomesha watoto wake kwa cherehani ile, na kwamba leo cherehani, kesho ni yeye atawekwa karibu na feni. Bi Bado alijitetea kidogo, kisha akangoja dhoruba ipite.

Kesho yake ikawa imepita. Mama aliandaa chai, akauliza habari za kazi, akasema "sawa mwanangu" na "asante mwanangu" kwa sauti laini kabisa. Bi Bado alimpigia simu mdogo wake. "Yamekwisha," alisema. "Ametulia kabisa." Mwanamke ambaye maisha yake yote ya kazi hakuwahi kuamini utulivu hata wa saa moja, aliuamini huu bila kuupima.

Wiki hiyohiyo jua nalo lilifoka. Dhoruba ilipokuwa kali, hesabu ya elektroni ikashuka karibu na sifuri. Mkuu wa kituo alitaka kuisogeza setilaiti iliyokuwa imehama kidogo mahali pake.

"Zimeisha hizo," alisema kwa matumaini. "Tuisogeze leo?"

Chumba kizima kikaitikia, "Bado!" na kucheka, Bi Bado mwenyewe akiongoza. Wakangoja. Dhoruba ilitulia, na hesabu ikaanza kupanda, ikapita ilipoanzia, ikaendelea kupanda. Setilaiti ya kituo kingine ilizimika mchana kutwa. Yao haikuguswa, haikupiga hata chafya. Elektroni zilipopungua, mkuu alileta keki iliyoandikwa BADO kwa sukari ya rangi ya waridi. Bi Bado alifungiwa kipande ampelekee mama.

Alipofika nyumbani, pikapu ya mdogo wake ilikuwa mlangoni. Mama alikuwa amekaa kiti cha mbele, mkoba mapajani, na nyuma yake mifuko ilikuwa imepangwa vizuri, kazi ya mtu aliyekunja nguo taratibu kwa siku kadhaa.

"Dada, mimi nimeitwa tu," mdogo wake aliharakisha kusema.

Bi Bado alisogelea dirisha la pikapu. "Mama, mbona hukusema? Ulinyamaza, nikadhani yamekwisha."

Mama alimtazama. "Kwani wewe si unalipwa kwa kujua mambo haya?"

 Bi Bado aliweka keki juu ya boneti, akaingia ndani, akaikokota meza yake ya kazi mpaka kwenye korido, akaenda stoo. Cherehani ilikuwa nzito. Aliivuta peke yake huku machozi yanamtoka, akaacha mikwaruzo sakafuni, akairudisha dirishani. Alipogeuka, mama alikuwa amesimama mlangoni.

"Nisamehe, mama. Sitarudia. Nimeelewa sasa."

"Umetulia?"

"Nimetulia, mama."

"Hm." Mama alimgeukia mwanawe wa kiume. "Shusha mifuko, iweke hapa mlangoni. Isifunguliwe. Na hiyo keki ilete."

Mifuko ikabaki hapo. Asubuhi Bi Bado aliiruka akienda kazini, jioni akairuka tena akirudi, na kila aliporudi alisikiliza kwanza kama cherehani inalia. Ilikuwa inalia. Siku zilipita, akapika yeye, akafua yeye, hakutaja meza. Mwishowe alijikaza akauliza, "Mama, nikufungulie mifuko?"

Mama hakuinua uso kwenye kitambaa.

"Bado," alisema.