Albamu Iliyokosa Kigelegele

Wenzangu wawili wa Sweden waliweza kutengeneza kila sauti isipokuwa moja. Walikuwa na vinanda vya umeme vya kujaza chumba, na mashine ya kupiga ngoma bila ngoma, na mimi ndiye niliyekuwa mwimbaji wao tangu nilipokwenda kusoma kwao. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili albamu yetu ya kwanza ilikuwa karibu kutoka. Ulibaki wimbo mmoja tu, wa harusi, niliokuwa nimeutunga kwa Kiswahili, lugha ya nyumbani kwetu, na wimbo wa harusi bila kigelegele ni pilau bila nyama. Walijaribu kukitengeneza kwa mashine, kikatoka kama king'ora cha gari la wagonjwa. Nikawaambia waache, nakwenda likizo nyumbani Maskati, nitarudi nacho.

Kampuni ya muziki ya kule Sweden nayo ilikuwa na ombi lake. Ilitaka nipigwe picha ya jalada jangwani, nimejitanda, upepo ukinipeperusha. Nikawajibu kwamba jangwa mimi nalijua kwa kulipita na gari, vioo juu, kiyoyozi kikivuma, na kwamba nimekulia mjini, mtaa wa Wattaya, nyuma ya maduka ya magari. Wakitaka picha ya kwetu, waje wanipige mbele ya pikapu mpya. Hawakuniuliza tena.

Basi siku moja baada ya alasiri niliwakusanya mama na shangazi zangu sebuleni, nikawatilia kahawa, nikawawekea halua, na katikati ya vikombe nikaweka kinasa sauti. Nikawaomba wapige vigelegele. Hawa ni wanawake ambao kwenye kumbi za harusi humfanya bibi harusi azibe masikio. Wakanitazama. Wakauliza nani kaposwa. Hakuna. Nani kajifungua, nani kafaulu mtihani? Hakuna.

"Sasa tumpigie nani?" akauliza shangazi mkubwa.

Nikasema ni kwa ajili ya wimbo tu. Wakajaribu, kwa kuniridhisha, na kilichotoka kilikuwa chembamba, cha mtu mwenye mafua. Kwetu kigelegele hutolewa kwa jambo. Mimi, kwa kukaa sana na mashine, nilidhani naweza kukiagiza kama soda.

Bado nahangaika, tukasikia hodi ya ami, ndugu wa marehemu baba, aliyetulea. Wanawake wakavuta kanga zao vichwani. Shangazi mmoja alikwisha kumtobolea habari za albamu, na nikamjua ni yupi kwa jinsi alivyoinamia halua. Ami huyu ndiye aliyeninunulia kinanda changu cha kwanza, dukani Hamriya, ili nitulie ndani. Nikatulia ndani kweli, mpaka nikajua kukipiga.

Hakugomba, si desturi yake. Alikaa, akapokea kahawa, akaniuliza kama ni kweli jina langu litaandikwa juu ya hiyo albamu. Nikasema ni kweli, langu na la baba.

"Kuimba, imba, mwanangu," akasema. "Humu ndani, na wanawake wenzio. Lakini jina la ndugu yangu halitundikwi madukani. Waandikie waliondoe, khalas."

Hasira zilinipanda. Nilikumbuka kaseti za harusi zilizokuwa zikizunguka kwetu nyumba kwa nyumba, miaka ya tisini, zenye sauti za wanawake za kukata maini, na juu yake halikuandikwa jina la mwimbaji hata mmoja. Wengine walikwisha kufa na hatukujua ni akina nani. Sikutaka kuwa kaseti ile.

"Sitawaandikia, ami," nikasema. "Nakupenda, na kinanda umeninunulia wewe. Lakini jina hilo baba kanipa mimi, na litakaa hapo hapo."

Shangazi zangu wote wakatazama zulia. Ami akamgeukia mama.

"Shemeji, sema na mwanao."

Mama yangu, tangu afiwe na mumewe, hakuwahi kumpinga ami hata kwa rangi ya pazia. Akainuka. Nilidhani anakimbilia jikoni, na moyo ukaniuma. Akaja akasimama ubavuni kwangu, akakaza kanga yake, akaweka kiganja mdomoni, akapiga kigelegele. Kilikuwa kirefu, cha ukumbini, cha kuwaamsha majirani. Shangazi mkubwa akamtazama, kisha akampokea, na wote wakafuata, hata yule mbeya. Ami alikaa katikati yao kikombe mkononi, mwanamume aliyejikuta kwenye ukumbi wa wanawake.

"Jambo ndo hilo, shemeji," mama akasema alipopata pumzi. "Nna mtoto mwenye jina."

Ami akaweka kikombe chini, akaondoka. Kinasa sauti kilikuwa hakijazimwa.

Kule Sweden wenzangu walisikiliza, wakasikiliza tena. Walitaka kukata mlio mdogo wa kikombe unaosikika mwishoni. Nikakataa. Ami naye yumo, apende asipende.

Kabla jalada halijachapishwa nilimpigia mama simu, nikamwuliza kama naye aandikwe, na kama aandikwe kwa jina moja tu, watu wasimtambue.

"Niandike lote," akasema. "Mpaka la babu yangu."