Kilicho Kimoja Hakina Jina

Ushma na Sonal walizaliwa pacha Mombasa, wakazeekea ng'ambo, Ilford. Sonal aliuza vitambaa vya sari. Ushma alifanya kazi ofisini mjini. Sonal alipofariki, Ushma alistaafu akashika duka. Wateja walikuwa wakishtuka mlangoni, kwani uso wa marehemu ulikuwa bado nyuma ya kaunta.

Ili asikae peke yake, alijiunga na darasa la watu wazima maktabani. Siku moja mwalimu wao, Jeff, alieleza habari za Parmenides, Mgiriki wa kale aliyefundisha kwamba kilichopo ni kimoja tu: hakikuzaliwa, hakigawanyiki, wala hakifi.

"Hakifi?" Ushma akauliza.

"Ndivyo alivyosema."

Wiki hiyohiyo Peris, muuguzi na mteja wa zamani wa Sonal, aliyekuwa amekaa kwao Nyeri muda mrefu, aliingia dukani. Hakuwa na habari za msiba, wala hakujua Sonal alikuwa na pacha.

"Sonal! Mama hachoki kukuulizia." Palepale akampigia mama yake kule Nyeri, akampa Ushma simu.

Ushma akasikia kicheko cha dada yake kikitoka kinywani mwake mwenyewe. "Mama, habari yako?"

"Nzuri, mwanangu. Nilidhani umenisahau."

Ikawa desturi: kila Jumapili Peris akitoka kanisani alipitia dukani, na Ushma akaongea na yule bibi. Akaanza kuvaa bangili za Sonal. Asubuhi moja, akichana nywele mbele ya kioo, alijisikia akiuliza, "Ushma yuko wapi?" Kitana kikamdondoka.

Darasani akamwuliza Jeff, "Kama vyote ni kimoja, mimi namlilia nani?"

Jeff akajibu, "Plato naye alikwama karibu na hapo. Hicho kimoja hata jina hakiwezi kuwa nalo. Ukikipa jina, tayari ni viwili: chenyewe na jina lake."

Jumapili iliyofuata Ushma alipokea simu ya Peris. "Mama, mimi ni Ushma, pacha wake. Sonal amefariki."

Peris akashika kaunta. Kule Nyeri bibi akauliza polepole, "Basi nimekuwa nikiongea na nani?"

Kabla Ushma hajajibu, Peris alimnyang'anya simu, akatoka bila kuaga.

Peris alirudi baada ya Pasaka, akaketi, akalia na Ushma. Siku hizi kwenye simu bibi humwita Ushma kwa jina lake, wakamzungumzia Sonal. Lakini mara nyingine bibi husita katikati ya maneno, akauliza, "Ni wewe?"

"Ni mimi," hujibu Ushma, kisha huharakisha kutaja jina lake.