Fundi wa Milango Anautafuta Uso wa Mkewe

Saa nane mchana, fundi seremala amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, gogo kalibana kwa magoti. Nyuma yake mlango wa mteja umeegemezwa ukutani, haujatiwa hata kitasa. Yeye anachonga pua. Anachonga kidogo, anaacha, anafumba macho.

"Inakuja, inapotea," anamwambia mwandishi aliyemtembelea. "Miaka kumi na minane natengeneza milango na vitanda. Sanamu ndiyo kwanza najifunza, tena ya mtu ambaye hayupo nimwangalie."

Mtu huyo ni mkewe, aliyefariki mwaka juzi. Picha zake zote zilikuwa kwenye simu, na simu ikaibiwa wiki ileile ya mazishi. Jamani, watu wana roho! Binti yao alikuwa na miezi minane. Sasa anaongea, na anauliza mama alikuwaje.

"Na mimi naanza kumsahau," fundi anasema bila kuinua macho. "Hilo ndilo linaloniua."

Hii ni sanamu ya tatu. Ya kwanza ilipasuka. Ya pili aliimaliza, akaiona imetoka safi kabisa, akamwita mama mkwe.

Mama mkwe akaigeuzageuza, akaipapasa mashavu. "Baba, huyu ni nani?"

Fundi alikuwa ameipiga msasa siku mbili nzima. Ndivyo mikono yake ilivyozoea: mlango ukiwa na kinundu, mteja anaurudisha. Basi akalainisha kila kilichojitokeza: mifupa ya mashavu, kovu la juu ya jicho, hata mikunjo ya kucheka. Ukabaki uso wa mtu yeyote.

"Nililia kama mtoto," anasema. "Mama naye akalia."

"Bwana Pua, mlango wangu lini?" anapaza sauti muuza rangi wa jirani. Fundi anacheka kidogo, kwa adabu.

Hata hii ya tatu haiendi. Asubuhi mama mkwe aliitazama, akatikisa kichwa. Kesho fundi ataanza na gogo jingine, na safari hii ataanzia mdomoni.

Mwandishi anapoaga, fundi anamzuia.

"Ukiandika, usiseme alikuwa mrembo. Kila marehemu huambiwa hivyo. Andika kwamba jino lake moja la mbele lilipanda juu ya jingine, na akicheka alikuwa analificha kwa kiganja. Andika leo, tafadhali. Kesho sijui kama nitakuwa bado nalikumbuka."