Nilimeza diklofenaki nikitegemea kopo la antioxidant linilinde tumbo. Yaliyonikuta hapa Sumbawanga

Wakuu, salaam. Walio wakubwa kwangu shikamooni, wadogo marahaba kabisa. Hili sijasimuliwa, limenikuta mimi mwenyewe, na atakayebisha aje Sumbawanga aulize.

Kwanza mnijue. Shule niliishia darasa la tano. Serikali iliporuhusu watu binafsi kununua mahindi, wasomi walikaa kujadiliana, mimi nikaingia kijijini Mwazye na baiskeli. Leo nina Fuso mbili na ghala. Sikubebwa na mtu.

Nina utaratibu wangu. Tukienda kupakia kijijini, gunia la kwanza nabeba mwenyewe mpaka kwenye gari. Mkulima akiona bosi ana vumbi mgongoni, anakuamini.

Na gunia lenyewe ni lumbesa, lile linalojazwa mpaka linashonewa kilemba juu. Ni mimi niliyekuwa nawalazimisha wajaze vile. (Msianze kunitukana, wanunuzi wote tulikuwa hivyo.) Kwa hiyo mzigo ulioniharibu mgongo niliuagiza mwenyewe.

Mgongo ulipokataa nikahamia kwenye diklofenaki, vile vidonge vya maumivu. Moja alfajiri kabla ya safari, tumbo tupu. Nyingine jioni. Sikuandikiwa na daktari, najiendea tu duka la dawa. Miezi ikapita, tumbo likaanza kuwaka moto.

Hapo ndipo alipoingia shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mkazi wa Izia hapa mjini. Alikuwa amejiunga na biashara ya virutubisho, ile ya kutafuta watu wa kuingia chini yako. Akaja na kopo la vidonge limeandikwa antioxidant.

"Shemeji, dawa ya maumivu inaacha kutu tumboni. Hii inafuta kutu. Ukimeza hii, diklofenaki itafune kama karanga."

Mke wangu akamwambia, "Kaka, si juzi tu ulikuwa unauza mitumba?"

"Mitumba ilikuwa chuo, dada."

Wakuu, hapa najikasirikia mpaka leo. Mimi ninayejua mahindi mabichi kwa kuuma punje moja, nimepigwa na kopo! Kisa ametaja kutu, na mimi nina magari.

Nikapandisha dozi ya diklofenaki. Mbili asubuhi, mbili jioni. Siku za mwanzo tumbo likatulia, sijui kwa nini.

Basi mdomo ukaniponza. Nilipofika Mwazye nikapanda juu ya Fuso, nikajipiga kifua mbele ya wakulima: "Mnaniona? Hili kopo ndilo limenisimamisha!" Mama Sabina, bibi mmoja anayeniuzia mahindi tangu enzi za baiskeli, ana magoti mabovu na anaishi kwa vidonge vya maumivu. Akaagiza kopo siku hiyo hiyo.

Baada ya muda choo changu kikawa cheusi kama lami. Nikampigia shemeji.

"Safi sana! Hiyo ndiyo sumu inatoka."

Nikaridhika. Mtu mzima na akili zangu, nikaridhika!

Siku ya tatu nikaanguka mlangoni mwa ghala. Kuzinduka niko hospitali, naongezewa damu. Daktari, binti mdogo tu, akasema nina vidonda vya tumbo vinavyovuja damu, na vimeletwa na diklofenaki. Nikamwonyesha kopo.

"Baba, humu ndani sijui wameweka nini. Ninachojua halijakulinda. Dawa za kulinda tumbo zipo, tena zimepimwa. Ungekuja kuuliza tungekuandikia, au tungekubadilishia hiyo ya maumivu."

"Nilikuwa na kazi nyingi, daktari."

"Na sasa hivi unaifanya?"

Shemeji naye akaja kunitazama. Mnajua alisema nini? "Shukuru kopo, shemeji. Bila hilo tungekuwa tumeshakuzika." Mke wangu alimtoa wodini kama anayefukuza kuku kwenye ulezi.

Nilipopata nguvu, safari ya kwanza ilikuwa kwa Mama Sabina. Nikamwamkia, nikamweleza yote.

"Mwanangu, nani amekutisha?"

"Mama, nimelazwa! Nimeongezewa damu!"

"Ulipanda juu ya gari ukajipiga kifua. Mtu anajipiga kifua kwa uongo?"

"Sikujua, mama. Nilijisifu kwa kitu nisichokijua."

Akanitazama, akacheka. "Pole. Tumbo lako ndilo dhaifu. La kwangu halina neno." Akachukua kopo, akameza kidonge kimoja mbele yangu.

Somo nililopata ni hili. Dawa ya maumivu kila siku bila daktari ni kujichimbia shimo, na kopo la mtaani halilifukii. Choo kikiwa cheusi kama lami usipigie muuzaji simu, kimbia hospitali.

Ila kinachonichosha ni huyu mama. Niliposifia aliamini kwa neno moja. Sasa nakanusha, nimeshakwenda mara nne, ananipa uji na kunirudisha mjini. Wiki hii nakwenda tena, na safari hii namchukua daktari yule aongee yeye, mimi nitakaa kimya.

Wakuu, aliyewahi kumtoa mtu kwenye jambo alilomwingiza mwenyewe, alifanyaje? Semeni, hata matusi napokea.