Serahangi na Posa Yangu

Kaka yangu alikuwa na karakana ya vitanda vya chuma katika mtaa wa Hai Mauna. Jumapili baada ya kanisa, jenereta likiwa limezimwa, niliwasomea hapo yeye na mwanamume aliyetaka kunioa riwaya ya bahari niliyorudi nayo kutoka Kenya. Ilikuwa ya Kiingereza cha kale, nao Kiingereza hawakukiweza, kwa hiyo nilisoma kimya kisha nikawasimulia kwa Kiswahili. Kila walichosikia kilipitia kinywani mwangu kwanza.

Serahangi wa meli ile, yaani msimamizi wa mabaharia, alikuwa kigeugeu. Alimwapia nahodha, akajiunga na waasi, dhoruba ilipochafuka akarudi kwa nahodha. Mchumba wangu naye alikuwa amebadili upande mara mbili vitani kabla ya mkataba wa amani, na kaka, aliyezika rafiki zake msituni, hakuwa amesahau. Posa yangu ilikuwa imekwama hapo.

"Tuone huyo mtu yako ya meli ataisha namna gani," kaka alisema. "Mtu amegeuka mara mbili, iko kitu gani inazuia yeye ya tatu?"

Nilijua anamsema nani. Mchumba wangu alijua pia.

Basi nikafika mahali ambapo maji ya kunywa yanakaribia kwisha melini, na serahangi, aliyekabidhiwa ufunguo wa ghala la maji, anaupeleka kwa waasi gizani. Mjinga huyu, nikamlaani, hakuweza kusubiri mpaka niolewe? Nikafunua kurasa mbili kwa pamoja, nikasema, "Asubuhi serahangi akawagawia watu maji, kila mtu kikombe chake."

Kaka aliguna, karibu aridhike. Nikaanza kupumua.

"Malesh, dada," mchumba wangu akaniomba radhi. "Wewe iko ruka kitu."

Nilimkazia macho anyamaze. Wapi!

"Watu iko na kiu, ufunguo iko kwa mkono yake, na wale wengine ndio wengi. Mtu kama yeye hawezi lala. Anapeleka."

"Wewe unajua aje?" kaka akauliza.

"Kwetu ilikuwa ufunguo ya stoo ya risasi. Mimi nilipeleka."

Kaka aliinuka, akaenda kusimama mbele yake, karibu kabisa. Karakana nzima ilikuwa imejaa vyuma, na niliogopa sana.

"Na kesho ikikuja tena hivyo?"

"Kesho sijui, mzee. Leo nimekuambia."

Kaka alimtazama, akamtazama, kisha akarudi kuketi.

"Wazee yako wakuje Jumapili ingine," alisema.

Nilitaka kupiga vigelegele. Lakini alikuwa amenigeukia, na sikuwahi kumwona na uso ule.

"Na wewe," akasema, "katika sisi watatu hapa, mtu amedanganya mimi leo ni wewe."