Siku Niliyomwita Babu Mtoro wa Jembe

Babu yangu ni mume wangu. Usishtuke. Kwetu mjukuu wa kike ni mke wa babu, na mke wa namna hiyo ana ruhusa ya kumtania mumewe mpaka watu washike mbavu. Tangu nijue kusema sijawahi kumwamkia kama wajukuu wenye adabu. Nikimkuta nje nawahi kusema, "Marahaba, kijana," kabla hajafungua kinywa, naye hunitikisia fimbo na kuuliza ni nani aliyemwoza mwanamke huyu. Mama huona aibu wageni wakiwapo. Sisi wawili hatuna habari.

Nilipofunga shule mwezi wa kumi na mbili, nikiwa kidato cha tatu, nilikuta nyumbani wamekwisha hamishiwa kijiji kipya kwa amri ya serikali, upande wa Mgori. Tembe letu la zamani, nyumba ya miti na udongo, lilibomolewa asubuhi moja tu. Jipya lilikuwa nguzo nne na ahadi. Babu alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya nguzo hizo, amekonda, viganja vimepauka kama vya mtu aliyeshika unga. Alisema mgongo unamla. Mwaka ule kila mwenye zamu katika shamba la kijiji alikuwa na mgongo unaomla, kwa hiyo sikumwonea huruma.

Jumatatu akaja mjumbe wa nyumba kumi kukusanya watu wa kwenda kulima. Mjumbe yule alikuwa na heshima kubwa kwa mtu yeyote aliyevaa sare ya sekondari, hata kama mtu mwenyewe alipata sifuri ya hisabati. Akaniuliza mbele ya majirani: wewe msomi, mzee anaumwa kweli?

Kusema "ndiyo" kungenigharimu nini? Lakini watu walikuwa wananitazama, na mimi nikiona watu wananitazama ulimi unawasha.

"Huyu ni mtoro wa jembe," nikasema. "Akiona shamba mgongo unauma, akiona kibuyu cha pombe anapona."

Walicheka wote, na Babu akacheka kuliko wote, ameshika kiuno. Sasa, katika utani wetu anayekasirika au kujitetea ndiye aliyeshindwa. Mume hawezi kutaniwa na mkewe hadharani halafu akaanza kueleza anavyoumwa. Akainuka, akachukua jembe, akatangulia. Mjumbe akanishukuru kwa kusema ukweli. Hapo ndipo nilipojua nimekosea, maana sikuwa nimesema ukweli wowote, nilikuwa nimetania tu. Ila sikumwita Babu arudi.

Nilikuwa nyuma yake shambani mkono wake wa kulia ulipovunjika akiinua jembe. Hakuanguka wala hakugonga kitu. Ulikatika tu juu ya kiwiko, na mlio wake ulikuwa kama bua la mtama mkavu. Watu walinitazama tena, nami nikatupa jembe langu nikakimbia kumshika.

Trela la kijiji lilimpeleka hospitali mjini, mimi na Mama tumekaa kando yake. Walimpima damu, wakampiga picha za mifupa. Baada ya siku kadhaa nilimfuata daktari kwenye veranda, nikamwamkia, nikamwambia mkono wa Babu nimeuvunja mimi, kwa mdomo. Nilidhani atacheka. Aliinua picha kwenye mwanga. Mifupa ilikuwa na vitundu vya mviringo kila mahali, kama mahindi yaliyoingiwa na fukusi.

Alisema Babu ana kansa ya damu. Nikamwambia damu siyo mfupa, nimesoma. Akanikumbusha kwamba damu hutengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uboho. Tena mfupa haulali: kuna seli za kuubomoa na seli za kuujenga, na kwa mtu mwenye afya zinafanya kazi kwa zamu. Kwa Babu, seli mbovu za damu zimejaa kwenye uboho, zinawahimiza wabomoaji, na wajenzi wamekaa kimya.

"Zinawahimizaje?" nikauliza.

"Kuna kitu zinakitoa. Kitu gani hasa, bado tunakitafuta."

Nilichanganyikiwa zaidi. Seli imezaliwa ndani ya mfupa, inaamrisha mfupa ubomolewe, na hata daktari hajui amri yenyewe imeandikwaje. Nikauliza, kwa hiyo siyo mimi?

"Mfupa ulikwisha liwa kabla hujafungua mdomo," akasema. Kisha akaongeza, kwa upole, kwamba hata hivyo hakutakiwa kushika jembe.

Basi ni mimi au siyo mimi? Nililigeuza jibu hilo njia nzima mpaka wodini, nisijue upande wake upi ndio wa juu.

Babu alikuwa amelala, mkono kwenye plasta. Nikasimama miguuni pa kitanda, nikakunja mikono, nikasema, "Shikamoo, Babu."

Alinitazama kwa hofu ambayo sikuwahi kuiona machoni pake.

"Daktari amekwambia nini?" akauliza. "Nakufa?"

"Sijui."

"Mbona umeniamkia?"

Ndipo nikaelewa adabu yangu ilivyomtisha. Nikakaa kando yake, nikatafuta ulimi wangu.

"Marahaba, kijana," nikasema. "Nimeambiwa mifupa yako imebomolewa bila kujengewa mingine."

Akafikiri kidogo. "Kumbe hata mwilini nimehamishwa."

Kicheko kikaanza kumpanda, nami nikamwekea kiganja kifuani, juu ya mbavu, nikamwambia, "Taratibu, mume wangu." Akacheka kwa midomo tu, kifua kimetulia, machozi yanamtoka. Mimi nilihesabu pumzi zake moja moja, nikitega sikio, nikihofia ule mlio wa bua kavu.