Firigisi ya Mwenye Boma

"Mama Sifuna, huyo mzee ananibagua! Si umeona amempakulia yule mjinga nyama kutoka sahani yake mwenyewe?" Hivyo ndivyo jambazi mmoja, mteja wangu, anavyogombana na televisheni ya hoteli yangu hapa Bungoma kila jioni mchezo wa majambazi ukianza, na wiki jana kwa wivu huo huo alinivunjia kikombe. Kitale wanamwogopa, ana genge, na kovu la panga mkononi. Lakini yule mkubwa wa majambazi wa kwenye mchezo akitokea, huyu wetu huvua kofia, hukaa wima, hufuta midomo kama mtoto anayengoja kusalimiwa. Mkubwa akimwita mwingine "mwanangu," yeye husonya na kutafuna kucha.

Jana nilimpikia mume wangu kuku. Kwetu firigisi ni ya mwenye boma, hata mwanangu Sifuna haigusi. Mzee wangu akaona vile jambazi anaitolea macho sahani yake, akaikata firigisi katikati. "Kijana yangu, shika." Jambazi akavua kofia, akapokea kwa mikono miwili. Sifuna akanuna. Televisheni ikabaki inaongea peke yake.

"Mama, kile kikombe nitalipa," jambazi akasema, macho chini.

"Kikombe gani, bana? Kula, inapoa."